Sahani ya Mlangoni

"Zima jiko kwanza, mama," alisema yule daktari.

Mama Karai aliinua uso. Asubuhi ilikuwa bado mbichi, viazi vya mwanzo ndiyo kwanza vinaanza kushika rangi, na wateja wake wa kwanza, fundi mwashi na mwenzake, walikuwa wanapuliza chai. Daktari alisimama kwenye kizingiti cha kibanda akiwa na mabuti ya mpira yanayochuruzika maji, koti lake jeupe amelifunga vifungo kombo. Mama Karai alimfahamu vizuri. Ndiye aliyekuwa mkubwa wa mume wake kule kwenye banda la wanyama la taasisi ya utafiti, ng'ambo ya barabara. Alikuwa mwanamke nadhifu, na hakuwahi kuonekana amevuka barabara na yale mabuti.

"Viazi vitanywa mafuta, daktari. Kaa kwanza, nikuwekee chai."

"Zima, tafadhali."

Akazima. Mafuta yaliendelea kuchemka peke yake kwa muda, kisha yakanyamaza. Ndipo daktari akasema. Mzee, mume wake, alikuwa amechuchumaa mbele ya kizimba, anawalisha sungura. Wakasikia ndoo imeanguka. Walimkuta amelala ubavu, wakamkandamiza kifua kwa zamu mpaka gari la wagonjwa likafika, na wahudumu wake nao wakajaribu. Moyo haukurudi.

"Pole sana, mama yangu. Pole."

Mama Karai alichukua kijiko chake kirefu akaanza kutoa viazi, kimoja kimoja, akivipanga kwenye sinia kana kwamba kuna aliyeviagiza. Vilikuwa havijaiva. Fundi mwashi, ambaye siku zote mdomo wake haukuwa na breki, alivua kofia akaiweka gotini.

"Lakini amekula sasa hivi hapa," mama alisema. "Sahani yake hata haijakauka."

Na kweli, sahani ilikuwa pale kwenye meza ndogo ya mlangoni, imeoshwa, imefunikwa kifudifudi, ukingo bado una majimaji.

Meza hiyo ndiyo iliyompa marehemu jina alilojulikana nalo mtaani. Alikuwa na jina lake la ubatizo, na wakubwa wake walilitumia siku ya mshahara, lakini kwa kila aliyewahi kula kwa Mama Karai yeye alikuwa Bango.

Alizaliwa mtoto wa watu wa bustani. Mama yake alifuga sungura nyuma ya nyumba, na kazi ya kuwakatia majani ilikuwa yake tangu alipoweza kushika kisu bila kujikata. Baba yake alianguka shambani akiwa bado na nguvu zake, jembe mkononi, na watu wakasema ni jua. Kijana akaja mjini, akapata kazi ya kufagia na kuosha vizimba kwenye taasisi. Angebaki mfagiaji mpaka kustaafu kama sungura wa daktari wasingegoma kula.

Daktari alikuwa anachunguza jinsi mafuta yanavyoharibu mishipa ya damu. Sungura wengine walipewa chakula cha kawaida, kile cha vidonge. Wengine walipewa chakula kilekile, ila kimechanganywa na unga mweupe wa kolesteroli ulioyeyushwa kwenye mafuta. Sungura ni mnyama wa majani. Harufu ya mafuta ilimchefua. Alinusa bakuli, akaligeuzia mkia, akakaa hivyo kutwa. Asipokula hakuna utafiti. Daktari alijaribu hiki, akajaribu kile, mpaka siku moja akamkuta mfagiaji amechuchumaa mbele ya kizimba, kiganja kimejaa kile chakula amekipasha joto kwa mikono yake, anaongea kwa sauti ya chini. Na sungura anakula.

Kuanzia hapo ufagio akapewa mwingine. Yeye akawa mlishaji. Hapakuwa na sungura aliyemshinda. Waliokuwa wakimkimbia daktari kwa vile alikuwa na sindano, walimfuata yeye mpaka kwenye wavu na kumnusa vidole.

Siku hizo Mama Karai alikuwa msichana mwenye karai moja na mawe matatu, anakaanga viazi na mayai mbele ya geti la taasisi. Biashara ilikuwa inachechemea. Kisha mlishaji akaanza kuja kula, na ulaji wake ulikuwa kitu cha kutazamwa. Hakula kwa pupa. Alikula kama mtu anayesikiliza habari njema, macho kayafumba nusu, akitafuna polepole, akifuta mafuta ya sahani kwa kipande cha mwisho cha kiazi. Wapita njia walimwona wakashikwa na njaa ambayo hawakuwa nayo. Msichana hakuwa mjinga. Akamtolea kiti, akakiweka upande wa barabarani.

Walipooana na karai likapata kibanda na bati juu yake, kiti kile kiliingia mlangoni na meza yake ndogo. Fundi mwashi ndiye aliyejenga ukuta, na ndiye aliyesema siku ya ufunguzi, "Shemeji, wewe hukuolewa na bwana. Umeajiri bango." Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, na jina likaganda.

Basi miaka ikaenda hivyo. Kila asubuhi kabla ya kuvuka barabara, na kila jioni akitoka kazini, Bango alikaa mlangoni na kula mbele ya watu: mbavu za kukaanga, mayai, ngozi ya kuku iliyokaushwa mpaka inalia mdomoni. Sahani yake ilikuwa kubwa kuliko za wateja. Akisita kidogo, mkewe alipaza sauti kutoka jikoni ile sauti yake iliyojulikana mtaa mzima: "Kula, baba, usinitie aibu!" Aliwaambia hivyo na wateja pia, wale wanaotaka kuacha mabaki. Watu walimaliza sahani kwa sababu ya hiyo sauti. Kwa karai hilo walimsomesha binti yao mpaka akamaliza sekondari, na hapo nyumbani hakuna aliyelala njaa, Mungu ashukuriwe.

Alichofanya kazini Bango hakukileta nyumbani, isipokuwa mara moja. Daktari alikuwa amepungukiwa na msaidizi siku ya kupasua sungura, akamwomba amshikie taa. Siku zote zile Bango alikuwa akijipa shughuli ya mbali siku ya kupasua, kuosha mabakuli au kukata majani. Safari hii hakuwa na pa kukimbilia. Jioni alimsimulia mkewe wakiwa uani, yeye akimenya viazi.

"Ule mshipa mkubwa unaotoka moyoni," alisema, "daktari anauchana kwa urefu kama mtu anavyochana mkono wa shati. Wa yule aliyekula chakula cha kawaida, ndani unateleza, unang'aa, kama ule utando ndani ya ganda la yai. Daktari anasema huo utando ndio mlinzi. Sasa wa yule wangu niliyekuwa namlisha kwa mkono..." Akasimama kidogo. "Unajua sufuria ya mchuzi wa nyama ikilala mpaka asubuhi? Yale mafuta yanayoshika pembeni, ya njano? Ndiyo hayo. Yamejichomeka chini ya utando, yameufanya ukunjamane, una matuta. Damu inapita hapo kwa kujipenyeza."

"Usiniletee habari za maiti kwenye viazi vya watu," mkewe alisema.

"Na alikuwa haumwi, mama. Asubuhi ile ile amenirukia mkononi."

"Sungura hao. Wameumbwa wale majani, mnawalisha mafuta, mlitegemea nini? Niletee ndoo ile."

Akamletea ndoo. Hakurudi tena kwenye habari hiyo. Lakini kulikuwa na jambo jingine ambalo daktari alimweleza wakati anamshikia taa, nalo lilimkaa kichwani. Kulikuwa na kundi la tatu: sungura waliokula mafuta kwa muda, kisha wakarudishiwa chakula chao cha kawaida. Hao, daktari alisema, ule utando huanza kujitengeneza. Polepole, na si wote, na mafuta yaliyokwisha kuganda hayaondoki upesi. Ila anayewahi kurudishwa yuko afadhali kuliko anayechelewa.

Haikupita wiki, Bango alikaa mlangoni jioni, kibanda kimejaa, akageuka nyuma akasema kwa upole, "Mama, leo nipe mboga za kuchemsha tu. Na kiazi kimoja, cha kuchemsha."

Mwiko ulisimama hewani. Kibanda kilikuwa na wateja wapya siku hiyo, madereva wa malori waliokuwa wamesikia sifa, na mwenye jiko akaona mumewe mwenyewe, tena mbele ya wageni, anakataa chakula cha jiko hilo.

"Makubwa!" alisema kwa sauti ya kusikika. "Jamani, kukaa na sungura miaka yote hii, leo amegeuka. Baba, masikio yameanza kuota au bado?"

Kibanda kililipuka. Fundi mwashi alipiga meza. "Mpeni karoti! Bango amekuwa sungura, jamani, mtafutieni karoti!"

Bango alicheka pamoja nao. Alikuwa mtu wa namna hiyo, kicheko cha wenzake hakumwachia mtu akibebe peke yake. Akavuta sahani ya mbavu karibu.

"Kula, baba, usinitie aibu," mkewe akasema, safari hii kwa sauti ya chini, akimpitia na kumgusa bega.

Akala, akafuta sahani.

Hakuomba tena. Mama Karai aliwahi kuwaza juu ya jambo hilo mara moja au mbili, akaliweka pembeni kama mtu anavyoweka kitambaa cha kushonwa. Alijiambia: angekuwa na shida angesema. Ulipita kama mwaka hivi.

Kisha siku moja ya Jumapili, wakitoka kanisani, kwenye kile kilima kifupi kabla ya nyumba, Bango alisimama. Akajifanya anafunga kamba ya kiatu. Binti yao aliona kwamba kiatu alichovaa hakina kamba.

"Baba, una nini?"

"Kiungulia tu, mwanangu. Mbavu za mama yako zinanisemesha."

Jasho lilikuwa limemtoka usoni kama mtu aliyenyeshewa, na mkono wa kushoto ameubana kifuani. Mama Karai alimtazama, na hapo hapo barabarani ikamrudia ile jioni: mboga za kuchemsha na kiazi kimoja. Kesho yake asubuhi, kabla wateja hawajafika, aliweka juu ya meza ya mlangoni sahani ya mboga, maharage yasiyo na tone la mafuta, na kiazi cha kuchemsha. Bango aliitazama, akamtazama mkewe.

"Sijaomba," alisema.

"Uliomba," mkewe alijibu. "Kula."

Wateja hawakuacha kutania. Fundi mwashi alidai bango limebadilishwa maandishi, sasa linatangaza hospitali. Safari hii mwenye jiko alimgeukia na mwiko mkononi. "Wewe, ukimgusa mume wangu leo, chai yako nakumwagia kichwani. Nakuapia." Fundi akainua mikono juu. Wiki hiyo hiyo daktari alimburuta Bango kliniki, maana naye alikuwa amemwona akipumzika na mfuko wa chakula cha sungura begani. Presha ilikutwa juu. Akapewa vidonge na tarehe ya kurudi kupimwa moyo kwa mashine, maana foleni ilikuwa ndefu. Vidonge alivimeza bila kukosa. Alipungua kidogo, akawa mwepesi wa miguu, na jioni moja alimwambia mkewe, akitafuna mboga kwa namna ile ile ya mtu anayesikiliza habari njema, "Mimi sasa ni wa kundi la tatu."

"Kundi gani?"

"Basi tu. Ni zuri."

Tarehe ya mashine ilikuwa bado haijafika siku daktari alipovuka barabara na mabuti.

Msiba uliwekwa nyumbani, kwenye vyumba vyao viwili na ua. Watu walijaa, maana aliyekula kwa Mama Karai alikuwa amemwona Bango, na waliokula walikuwa wengi. Binti alipokea wageni. Mama Karai alikaa kwenye mkeka, mgongo ukutani, kanga kichwani. Majirani waliposema ni kazi ya Mungu, aliitikia, kwa kuwa aliamini hivyo. Lakini kulikuwa na swali ambalo hakutaka kwenda nalo kaburini kwa mume wake, na alikuwa anamsubiri mwenye jibu.

Daktari alikuja mchana, amevaa kiatu cha kawaida. Akaombwa aseme neno kwa niaba ya waliofanya kazi na marehemu. Hakuwa mzungumzaji. Alieleza kwamba miaka yote hiyo hakuna mnyama aliyekaa na njaa bandani, kwamba hakuwahi kumsikia akimpigia mnyama kelele.

"Tulikuwa tunajiuliza anawaambia nini wale sungura," alisema, na hapo akatabasamu kidogo. "Alikuwa anaongea taratibu mno. Siku moja nikanyata nyuma yake nisikie. Ameshika chakula mkononi, sungura amegoma kabisa, naye anamwambia, 'Kula, baba, usinitie aibu.'"

Waombolezaji walicheka, kile kicheko cha msiba chenye machozi ndani. Kila mtu aliijua sentensi ile inakotoka. Wengine walimgeukia Mama Karai wamshirikishe.

Hakucheka. Aliinamisha kichwa mpaka kanga ikamfunika uso, na mabega yakaanza kumtetemeka. Binti yake akasogea akamshika.

Watu walipopungua, Mama Karai alimwomba daktari aje akae karibu naye mkekani.

"Nakuuliza, na wewe ni msomi, na pia ni mwanamke, unijibu kweli. Ni chakula changu?"

Daktari alikuwa na desturi ya kuvua miwani anapofikiri, akaivua.

"Mama, sungura wangu nawajua. Kila walichotia mdomoni nimekitoa mimi, ndiyo maana naweza kusema hiki kimeleta hiki. Mume wako sikumfungia kizimbani. Presha ilikuwa juu na hakuna anayejua tangu lini. Baba yake alianguka kama yeye. Mafuta yamo humo, siwezi kukuambia hayamo, ningekudanganya. Lakini kiasi gani, hakuna kipimo cha kuniambia."

"Na ule mwaka? Aliniomba mboga, nikamcheka mbele ya watu. Ningempa siku ile?"

"Ingesaidia, huenda." Sauti ya daktari ilishuka. "Huenda isingetosha. Hata mimi, mama. Nilimfundisha yote yale kuhusu mishipa, na miaka yote nimemwona anakula pale mlangoni, nami nimekaa meza ya pili nakula. Sikumwambia apime mpaka nilipomwona anahema. Nilizoea kuwatazama sungura."

Walikaa hivyo, wanawake wawili. Baadaye jirani mmoja alileta sahani ya wali na kuiweka mbele ya mfiwa, ambaye hakuwa ametia kitu mdomoni tangu jana. Jirani alifungua mdomo kusema, kisha akakumbuka alichosikia mchana, akaufunga, akaisukuma tu sahani kidogo kuelekea kwake. Mama Karai alichukua kijiko mwenyewe. Alikula punje chache, akanywa maji, akashukuru.

Walimzika siku iliyofuata, kabla jua halijakuwa kali. Fundi mwashi na wenzake walikuwa wamechimba kaburi na kulijengea kingo vizuri, akisema ukuta wa mwisho wa rafiki yake hautakuwa na kombo. Jeneza lilifunguliwa uani kwa ajili ya wanafamilia. Alikuwa amevaa shati jeupe. Uso wake ulikuwa umetulia, na viganja vilikuwa vimewekwa kifuani, vile vilivyokuwa vikipasha joto chakula cha wanyama.

Binti alimbusu baba yake paji la uso akasogea pembeni. Mama Karai aliinama kwa muda mrefu. Waliokuwa karibu walidhani anaomba, na alikuwa ameomba kwanza, kwa maneno aliyofundishwa tangu utoto. Kisha akamwekea mkono juu ya viganja vyake akasema taratibu, kama mtu anayeongea na aliyelala:

"Hukunitia aibu, baba. Hata siku moja hukunitia aibu. Nisamehe."

Mchungaji akasubiri mpaka aliponyooka. Jeneza likafungwa, likabebwa na wanaume sita waliopokezana njiani mpaka makaburini. Sala ikasomwa, wimbo ukaimbwa, nao haukuwa mrefu kwa sababu sauti zilikuwa zinakatika. Jeneza likashushwa kwa kamba. Mama Karai alitupa udongo wa kwanza, binti wa pili, kisha daktari, kisha fundi mwashi, kisha wote. Wanaume wakachukua makoleo. Kaburi lilipojaa wakalisawazisha kwa mgongo wa koleo, wakaweka msalaba wa mbao wenye jina lake la ubatizo, jina ambalo wengi walilisoma siku hiyo kwa mara ya kwanza. Mchungaji akabariki, watu wakapeana mikono, na familia ikarudi nyumbani kwa miguu.